Niliandika "Hapana" Kwenye Bima ya Dada Yangu

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na saba, mkazi wa Bulyaga, hapa Tukuyu mjini. Nilikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka nilipoomba kustaafu kabla ya muda wangu. Watu waliponiuliza kwa nini, niliwajibu kwamba magoti yananisumbua...

Uongo! Magoti yangu ni mazima. Kilichonichosha ni kitu kingine, na ndicho ninachokuja kukitua mbele yenu, ndugu wasomaji. Mchungaji wangu anakijua nusu. Wanangu wanakijua robo. Leo nasema chote, kisha mnihukumu mtakavyo.

Dada yangu anaitwa Tupokigwe. Amenizidi miaka minane. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la kwanza, na tangu siku tuliyomzika, Tupokigwe ndiye akawa mama. Aliacha shule. Alibeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka kijijini kwetu Lupepo hadi sokoni Tukuyu ili mimi nipate sare na madaftari. Nilipoitwa chuo cha uuguzi, aliuza ndama wake wa pekee, akaniambia nikasome nisigeuke nyuma.

Je, mtu wa namna hiyo unamlipa nini? Subirini niwaambie mimi nilimlipa nini.

Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Atupele. Binti alisoma sana, akaolewa, akahamia Kanada na mumewe. Huko mimba mbili zilimharibikia. Ya tatu ilipovuka miezi sita, alipiga simu akilia kwa furaha na woga. Alimtaka mama yake aende akae naye miezi sita, ampokee mtoto, amkande, amfundishe kulea.

Dada yangu hakuwahi kupita Mbeya mjini maisha yake yote! Lakini hakusita hata dakika. Aligawa kuku wake. Migomba yake aliikabidhi kwa majirani. Kanisani walimwombea ibada nzima, akina mama wa kwaya wakamvisha kitenge kipya. Viza ikatoka, tiketi ikanunuliwa. Wilaya nzima, nilivyoona mimi, ilikuwa inajua kwamba mama Atupele anapanda ndege.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu. Bima ya matibabu.

Atupele alilisisitiza sana jambo hilo. "Mama mdogo," aliniambia kwenye simu, "huku mgeni akiugua bila bima ni balaa. Wewe ni muuguzi, unamjua mama vizuri. Mchagulie bima inayoitambua presha yake. Hata ikiwa ghali, sisi tutalipa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kazi hiyo niachie mimi.

Maana ni kweli, presha ya dada niliijua kuliko mtu yeyote. Miaka tisa nilikuwa nikimpima mwenyewe pale kituo cha afya nilipokuwa nafanya kazi, na kuandika kwa mkono wangu kwenye faili lake. Nilijua pia jambo ambalo yeye hakulijua vizuri... kwamba miezi miwili ya mwisho ilikuwa imepanda na haikutaka kushuka. Nilimwongezea dawa, nikajiambia ni uchovu wa maandalizi.

Tulikwenda kwa wakala wa bima zikiwa zimebaki siku nane kabla ya safari. Wakala mwenyewe ni kijana tunayesali naye, nitamwita Lusajo. Ana chumba kidogo karibu na duka la vifaa vya shule. Alituwekea mezani fomu mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mtu mwenye ugonjwa unaojulikana. Hiyo ilitaka dada aende Mbeya akapimwe na daktari, taarifa itumwe kwa kampuni, kisha kampuni ikae na kuamua. Inaweza kuchukua wiki mbili, Lusajo alisema, na wanaweza kuomba vipimo vingine. Ya pili ilikuwa ya mtu mzima wa afya. Hiyo inatoka siku hiyohiyo.

Nilizitazama zile karatasi, nikahesabu siku. Nikamfikiria daktari wa Mbeya akimfunga dada mashine ya presha, akiona namba nilizokuwa nikiziona mimi. Angesema nini? Angesema mama huyu asipande ndege mpaka presha itulie! Na tiketi je? Na Atupele anayekaribia kujifungua? Na ile ibada ya kumuaga, na kuku walioshaliwa na watu?

Nakiri kwenu... kulikuwa na aibu pia. Daktari angeuliza ni nani anamtibu mama huyu, presha ipande miezi miwili asimpeleke hospitali kubwa. Jina lingetajwa langu.

Lusajo aliona ninavyosita. Akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, miezi sita ni kufumba na kufumbua. Wengi wanaandika hapana, wanakwenda na kurudi salama."

Dada alikuwa ameketi pembeni yangu, mkoba magotini. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, hakuambulia kitu. Akanigusa mkono.

"Wanauliza nini hapo, mdogo wangu?"

"Wanauliza kama una ugonjwa wowote."

"Basi waambie ukweli. Waambie presha ninayo na dawa ninameza. Mtu haingii kwenye nyumba ya watu na uongo."

"Nimeandika, dada," nilimjibu.

Nilikuwa nimeandika HAPANA. Nikamgeuzia karatasi, nikamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Akaandika jina lake taratibu, herufi moja baada ya nyingine, kama mwanafunzi. Kisha akamshukuru Lusajo kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu." Asante sana!

Kijana akatazama mezani. Mimi nikatazama ukutani.

Uongo mmoja haukai peke yake, wasomaji wangu. Tukiwa njiani kurudi, nilianza kuogopa. Je, akifika kule akienda hospitali kwa jambo dogo, akataja presha, si watagundua? Ndipo nikatunga uongo wa pili. Nilimwambia madaktari wa kule ni wakali, wakisikia mtu mzima ana presha wanamlaza au wanamrudisha kwao haraka. Kwa hiyo asiwaambie. Na hata Atupele asimweleze akijisikia vibaya, maana binti atakimbilia hospitali na yeye atatenganishwa na mjukuu.

"Kumbe!" alisema dada. "Basi nitanyamaza."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye niliyesoma!

Nilimfungia dawa za miezi mitatu, ndizo nilizozipata. Nyingine nilimwahidi kumtumia kwa mtu atakayesafiri. Akaondoka.

Mtoto alizaliwa salama, mvulana mwenye nywele nyingi. Dada alinipigia simu ya video akiwa amembeba, akinionyesha vidole vyake kimoja kimoja. Theluji ilikuwa dirishani nyuma yake. Alicheka, akasema huku hata mchicha unakaa kwenye friji mwezi mzima. Sijawahi kumwona dada yangu amefurahi vile. Nami nilianza kujipongeza moyoni. Si unaona? Hakuna kilichoharibika. Kama ningeandika ndiyo, angekuwa bado Lupepo anasubiri majibu...

Mwezi wa tatu ulipoelekea mwisho, alinipigia akinong'ona. Dawa zimebaki chache.

Yule niliyetarajia kumpa mzigo wa dawa alikuwa ameahirisha safari yake. Ningeweza kumwambia dada amweleze Atupele. Binti angempeleka kwa daktari siku hiyohiyo, angepata dawa. Lakini daktari angeandika, na kampuni ya bima ingesoma... Nikamwambia ameze siku moja, aruke siku moja, mpaka mzigo ufike.

Mimi! Mimi niliyewafokea wagonjwa wangapi kwa kuruka dawa za presha! Niliyewaambia akina baba wa Isongole kwamba dawa ya presha si kama ya kichwa, huachi ukijisikia nafuu! Sasa nilimwambia aruke dada yangu mwenyewe aliyenilea.

Wiki tatu alikuwa anaruka. Kisha siku moja akanipigia tena.

"Mdogo wangu, kichwa kinanigonga siku ya pili leo. Jicho moja linaona ukungu."

"Umemwambia Atupele?"

"Hapana. Si ulinikataza?"

Hapo, wasomaji, Mungu alinipa nafasi ya mwisho. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya kituo, wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Kama mmoja wao angeniambia maneno hayo, ningemkimbiza kwa daktari kwa kumshika mkono. Dada yangu nilimwambia anywe maji mengi, alale kidogo, kesho atakuwa mzima.

Kesho yake alikuwa jikoni anakoroga uji. Atupele alisikia sufuria ikianguka. Alimkuta mama yake sakafuni, mdomo umekwenda upande, anajaribu kusema kitu na hakisemeki.

Kiharusi.

Wale madaktari niliowaita wakali walimpigania kwa nguvu zao zote. Walimwokoa. Lakini upande wake wa kulia ulikuwa umelala, mkono na mguu, na maneno yalimtoka nusunusu. Atupele na mumewe waliambiwa kwamba akifanyiwa mazoezi ya kutosha na wataalamu kwa miezi kadhaa, mguu ungeweza kurudi vizuri, na labda mkono pia. Bima ingelipia. Ndivyo alivyoamini Atupele.

Siku chache baadaye mganga mfawidhi wa kituo chetu, kijana mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Kagera, aliniita ofisini. Alinipa pole ya dada. Kisha akanionyesha barua. Kampuni ya bima inaomba kumbukumbu zote za matibabu ya mgonjwa, na familia imeshakubali zitolewe.

"Faili lake unalitunza wewe, Mama," alisema. "Niletee nitoe nakala."

Nililitoa kabatini. Miaka tisa ya mwandiko wangu! Tarehe, namba, dawa, sahihi yangu, ukurasa hadi ukurasa. Sikulipeleka ofisini. Nililificha ndani ya sweta, nikazunguka nyuma ya jengo mpaka kwenye shimo la kuchomea taka. Moto ulikuwa unawaka taratibu, manyunyu yanaupiga. Nilisimama pale... sijui ni kwa muda gani.

Likiungua, nani atajua? Mafaili hupotea kila siku.

Simu ikaita. Atupele.

"Shikamoo mama mdogo. Faili mmeshatuma? Tafadhali watumie lote, msiache hata karatasi moja. Hatujaficha kitu. Wakiona mama alikuwa anatibiwa vizuri, watalipa tu."

Nilikaa kwenye tofali, mvua inaninyeshea.

"Atupele, mwanangu... kwenye fomu sikuandika presha."

"Hukuandika kivipi?"

"Waliuliza kama ana ugonjwa. Nikaandika hapana."

Nilimsikia mtoto analia nyuma yake na hakwenda kumbembeleza.

"Mama anajua?"

"Hajui. Nilimwambia nimeandika."

"Na dawa? Nimekuta mkoba wake hauna dawa, na mimi naishi naye nyumba moja! Kwa nini hakuniambia?"

Nikamwambia na hilo. Nilimwambia yote, la kuruka dawa, la kunyamaza, hata la kichwa na jicho. Nilipomaliza, simu ilikuwa imeshakatwa. Sijui aliishia kusikia wapi.

Faili sikulichoma. Nawaambia hivyo si kwa kujisifu, maana mkono ulikuwa umeshanyooka. Nililipeleka kwa mganga mfawidhi likiwa limelowa pembeni, nikamweleza kila kitu, pamoja na jinsi nilivyomshauri mgonjwa kugawanya dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniangalia kwa huzuni, si kwa hasira. Akasema inambidi aandike taarifa. Nikamwambia aandike. Baada ya hapo niliomba kustaafu, kwa sababu kila nilipofunga ule mkanda wa presha kwenye mkono wa mgonjwa, nilimwona dada yangu.

Kampuni ilijibu kwa barua fupi. Mteja alificha ugonjwa, mkataba hauna nguvu.

Nilimfuata Lusajo. Nilikwenda nikiwa nimejaa maneno, kwamba yeye ndiye aliyenishawishi, kwamba hata mimi nimelaghaiwa. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Mama," alisema, "kalamu ulishika wewe."

Nilimchukia sana kijana yule. Lakini nikiwa peke yangu ninajiuliza, je, alisema uongo?

Kule Kanada dada alitolewa hospitali mapema. Mazoezi yale ya miezi alipata ya siku chache tu. Atupele alirudi kazini na mtoto akiwa bado mchanga, mumewe akaongeza kazi ya pili. Mimi niliuza shamba langu la viazi la Isongole nikatuma nilichopata. Ilikuwa kama kumwaga kikombe cha maji kwenye moto wa msitu.

Walirudi baada ya miezi miwili mingine. Tulikwenda kuwapokea uwanja wa ndege wa Songwe, ndugu na watu wa kanisa. Dada alitoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, amepungua, kitenge cha kwaya kimemzunguka mara mbili. Atupele alikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni. Aliwaamkia watu wote kwa zamu, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Alipofika kwangu aliinama akafunga kamba ya kiatu, kisha akamwamkia aliyekuwa pembeni yangu.

Tangu nimzae... nasema tangu nimlee, maana hata mimi nilimbeba, hajawahi kupita mbele yangu bila shikamoo.

Siku ya pili nilikwenda Lupepo. Nilimkuta dada kitandani, dirisha limefunguliwa aone migomba yake. Nilipiga magoti, nikakiri kwa mdomo wangu. Alikuwa ameshaambiwa na bintiye, lakini aliniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akaongea, kwa shida, na upande mmoja wa mdomo.

"Nilikuuliza... wanauliza nini."

"Ndiyo, dada."

"Ukasema... umeandika."

"Ndiyo."

"Nikasaini."

"Ndiyo, dada yangu."

Akageuza uso ukutani. Siku ya nne ndipo aliponiita karibu, akaniwekea mkono wa kushoto kichwani, ule mzima. "Nimekusamehe. Kyala, Mungu wetu, ashuhudie. Ila usilie tena humu ndani. Unanichosha."

Atupele alikaa wiki tatu, akarudi kwa kazi yake na mumewe. Kabla ya kuondoka aliniambia jambo moja tu, tukiwa wawili uani. "Nilikuamini wewe kwa sababu ulikuwa unajua." Akaingia ndani kufunga mizigo.

Sasa mimi ndiye ninayemtunza dada. Nimehamia Lupepo, nyumba yangu ya Bulyaga nimepangisha. Namwogesha, namgeuza, namlisha, namnyoosha mkono uliolala asubuhi na jioni. Watu wanaopita njiani wananisifu. Wanasema mtu na mdogo wake ndivyo inavyotakiwa. Natabasamu. Nimechoka, wasomaji wangu, lakini si kwa kazi hii.

Nimechoka kwa sababu ya jambo moja dogo. Dada ananisamehe kila kitu. Anakula chakula changu, anacheka nikimsimulia habari za sokoni, jioni tunaimba naye nyimbo za kanisani, yeye kwa sauti yake ya nusu. Lakini dawa hamezi mkononi mwangu! Kila nikimletea kidonge, anafumba mdomo na kuitikisa kengele niliyomwekea, mpaka jirani yetu Mama Gwakisa aje. Mama Gwakisa anachukua kopo, anasoma kwa sauti kilichoandikwa, anahesabu vidonge. Ndipo dada anafungua kinywa.

Hafanyi kwa chuki. Naona machoni mwake kwamba anajitahidi kuniamini, na hawezi.

Nawasihi ninyi mnaosoma, hasa mnaowapeleka wazazi wenu kwa watoto walioko nje. Msichague bima kwa sababu inatoka haraka, wala kwa sababu wakala ni mtu wa nyumbani. Ulizeni kama inamkubali mgonjwa pamoja na ugonjwa wake, na kama itachelewa, basi safari ichelewe. Kuku watafugwa wengine, watu watasema kisha watanyamaza. Nanyi mnaojua kusoma na mnawajazia fomu wasiojua... jamani! Yule aliyeketi pembeni yako na mkoba magotini ameuweka uhai wake kwenye kalamu yako. Usimjibie. Msomee, msikilize, andika alichosema.

Naomba niishie hapa. Saa ya dawa imefika, na Mama Gwakisa bado hajatokea.